Ufagio Haupakiwi

Mwezi uliopita nilikabidhi funguo za stoo kwa koplo kijana ambaye alizipokea kwa mikono miwili, kwa uangalifu wa mtu aliyebebeshwa mtoto wa wenyewe. Aliniuliza kama kuna jambo lolote ambalo halimo kwenye makabidhiano. Nikamwambia hakuna. Nilidanganya. Kulikuwa na jambo moja, nalo ndilo ninaloliandika hapa, kwake na kwenu wote mnaoanza kupata watoto mkiwa bado kambini.

Vyeo vyangu sitavizungumzia. Nilipanda polepole, na vingine nilivijua tu nilipoona watu wameanza kunipisha mlangoni. Mshahara nao tuuache ulale. Ninachotaka kusema ni hiki: wakati wa mafunzo tulifundishwa kung'arisha buti, kutambaa chini ya nyaya na kulala tukiwa tumesimama. Hakuna aliyetufundisha kumlea mtoto ambaye akifika darasa la nne ameshavaa sare za shule tano.

Siku yangu ya kwanza stoo ilikuwa Nanyuki, asubuhi ya baridi iliyonifanya niwaonee wivu kondoo. Mkubwa wangu alikuwa Sajini Wafula, Mbukusu mfupi mwenye sauti kubwa, aliyeamini kwamba vita vyote vilivyowahi kushindwa duniani vilishindwa kwa sababu mtu alipakia vibaya. Alinitazama kuanzia kofia hadi buti, kisha akaniuliza, "Mutiso, umeoa?"

"Bado, Afande."

"Ukioa, mfundishe bibi kupakia kwanza. Hayo mengine mtajifunza mkienda."

Akanipa brashi na mkebe wa rangi nyeupe, nikashinda siku nzima nikiandika namba kwenye masanduku. Sheria zake zilikuwa chache. Kila sanduku lina namba, na orodha ya vilivyomo hubandikwa ndani ya kifuniko. Kizito hutangulia, na cha kuvunjika huvikwa blanketi. Lori halingoji mtu, na lori haliulizwi linakokwenda. Ya mwisho ilikuwa ya nyumba za kambi, zile tunazoziita kota: ukihama unafagia, unauacha ufagio nyuma ya mlango, ndipo unatoka.

"Ufagio haupakiwi," alisema. "Ufagio ni wa nyumba. Wanaokuja wakiukuta, watajua walioondoka walikuwa watu."

Nilioa mwaka uliofuata. Mke wangu ni Kamene, binti wa Kithimani, na niliona haya kumfundisha kupakia kabla hatujazoeana. Haya hiyo ilitugharimu godoro. Tulipohamishwa Mombasa, tulichukua saa nne kujaza lori, na katika haraka za mwisho niliweka jiko la makaa chini ya godoro nikiamini limezimika. Tulipofika Mtito Andei, watu wa barabarani walitupungia mikono kwa furaha nyingi, nasi tukawapungia. Tulikuwa tunatoa moshi kuliko treni. Habari zilimfikia Sajini Wafula, naye akaniandikia barua ya mstari mmoja: "Jiko hupakiwa jana yake." Godoro lile lenye tundu tulilitumia miaka minane, na kila mtoto wetu alipitia zamu ya kulala penye tundu.

Baada ya aibu hiyo nilianzisha nyumbani kitu nilichokiita Zoezi la Lori. Barua ya uhamisho ilikuwa na tabia ya kuja Ijumaa, na lori Jumatatu, wakati mwingine mimi mwenyewe nikiwa nimeshatangulia kituo kipya. Kwa hiyo kila Jumamosi moja ya mwezi nilisimama nje ya kota na kupuliza filimbi mara tatu, na familia yangu ilihama kwa dakika arobaini bila kwenda popote. Nzioka, kifungua mimba, alikuwa mkuu wa vitanda na orodha. Ndunge, anayemfuata, alishika jikoni, na hadi leo anaweza kufunga vikombe kumi na viwili ndani ya suruali ya baba yake bila kimoja kugusa kingine. Mwanzoni majirani walisimama vibarazani wakicheka hadi kushika mbavu. Mwaka haukuisha kabla hawajaanza kunijia kwa adabu: "Afande, kesho tunahama. Si utuazime Ndunge?"

Kitinda mimba, Nzilani, alizaliwa tukihama kutoka Mombasa kwenda Eldoret, katika zahanati moja ya njiani, lori likiwa nje linanguruma. Kwetu Ukambani hilo ndilo jina la msichana aliyezaliwa safarini, kwa hiyo hatukusumbuka kutafuta jingine. Hiyo ndiyo mara pekee lori lilitungoja. Sajini Wafula alifariki bila kukubali kwamba jambo hilo lilitokea.

Nzilani alipofika umri wa kushika kitu, nilimpa kazi ya mwisho: kufagia na kuacha ufagio nyuma ya mlango. Aliifanya vizuri mno. Alifagia hadi pembe ambazo hata mkaguzi wa nyumba asingezifikiria. Siku moja, akiwa na miaka mitano hivi, tayari tumempandisha lorini, aliuliza, "Baba, kwa nini ufagio hatuendi nao?"

"Ufagio ni wa nyumba," nikamwambia.

"Na sisi?"

"Sisi ni wa lori."

Dereva alicheka, nami nikacheka. Nimemeza maneno mengi katika maisha yangu ya kazi, hasa mbele ya wakubwa. Haya ndiyo niliyopaswa kumeza.

Msinielewe vibaya, watoto wanaohamahama wana raha zao. Wangu walikula samaki wa kupaka Mombasa na maziwa ya mursik Eldoret, na hakuna jirani aliyewashinda kwa salamu. Ndunge alirudi kutoka pwani akisema "shikamoo" kwa kila kitu chenye mvi, akiwemo mbuzi mmoja. Nzioka aliwaambia watu wazima "chamgei" kwa sauti ya mzee wa Kinandi. Nzilani alijua kumwomba mama wa Kikuyu ndizi na kuzipata. Salamu pekee ambayo hawakuijua ilikuwa ya nyanya yao.

Mama yangu aliishi Kola, kwenye shamba alilotuachia baba. Watoto walimwita Susu, yaani nyanya, na hapo ndipo Kikamba chao kilipokomea. Tulipokwenda likizo aliwapanga mstari na kumsalimu kila mmoja, "Wakya?" Mtoto wa Kikamba akiulizwa hivyo na mkubwa huitikia "Aa," na mambo yanaendelea. Wangu walijibu kila mtu na lake. Nzioka alipiga saluti. Ndunge alisema marahaba, ambayo hata pwani haikuwa zamu yake kuisema. Nzilani alijificha nyuma ya mama yake.

"Mutiso," mama aliniambia baadaye, "hawa watoto ni wazuri, wana adabu. Ni wa nani?"

Nilicheka. Kamene hakucheka.

Sasa nije kwenye kesi yangu ngumu. Tulikuwa Gilgil, Nzilani yuko darasa la nne, nikaitwa shuleni. Nilidhani amepigana. Mwalimu wake, mwanamke mpole mwenye miwani, alinisukumia daftari. Walikuwa wameandika insha juu ya nyumbani kwao. Wenzake waliandika juu ya ng'ombe, mto na migomba. Wangu alianza hivi: "Nyumbani kwetu ni sanduku namba saba. Lina kifuniko na komeo. Nikilifungua naona orodha ya vitu vyangu na vyote vipo."

"Kiswahili chake hakina shida, Afande," mwalimu alisema. "Kinachonisumbua ni hiyo habari yenyewe."

Niliona aibu ambayo sijapata kuiona hata siku ya godoro. Nilikuwa nimesimama pale na mkanda unaong'aa, mtu aliyeaminiwa kutunza mali ya kambi nzima, na mtoto wangu ameniandikia kwamba kwao ni ndani ya sanduku nililolipaka namba kwa mkono wangu.

Nikaanza kumwangalia. Kumbe kila tulipohamia hakuwahi kulimaliza lile sanduku. Alitoa nguo ya leo, akaifua, akairudisha. Kabati la kota lilikaa tupu upande wake.

"Nzilani," nikamwambia, "mbona huzitoi nguo zako?"

"Si tutahama?"

"Safari hii tutakaa."

"Ulisema hivyo Eldoret, Baba."

Ni kweli, Eldoret nilisema hivyo. Jioni ile mimi na Kamene tulikubaliana kujenga Kola, nyumba yetu wenyewe kando ya ile ya mama, na watoto wawe huko kila likizo, jeshi litake lisitake. Watu waliniuliza kama nataka vyumba vitatu au vinne. Nilitaka jambo moja tu: nimwone Nzilani akitoa nguo zote kwenye sanduku namba saba na kulifunga likiwa tupu.

Desemba hiyo tukaenda wote Kola kwa likizo, na masanduku, kwa maana watoto hawakujua kusafiri bila masanduku. Niliagiza lori moja la mawe kutoka kwenye machimbo ya Lukenya. Niliambiwa yataletwa Alhamisi. Jumatano mimi na Kamene tukaenda Machakos mjini kununua vioo vya madirisha na misumari. Mama alikwenda kwa mwethya, kile kikundi cha akina mama wanaolimiana mashamba kwa zamu. Watoto tukawaacha nyumbani, Nzioka akiwa mkuu. Alikuwa na miaka kumi na minne na alikuwa anaaminika kabisa. Hilo ndilo lililoniponza.

Lori lilikuja Jumatano. Na kwa bahati yangu halikuwa lori la kawaida. Mwenye machimbo alikuwa amelinunua kwenye mnada wa magari makuukuu ya jeshi, akaona rangi ya kijani bado ni nzima, akaiacha. Dereva wake, Munyao, alimwaga mawe kwenye uwanja wetu wa kujengea, ng'ambo ya uzio wa mkonge, mahali ambapo watoto hawakuona. Kisha akaendesha hadi uani kwa mama, akitafuta mtu wa kupokea mzigo. Alipiga honi. Alipiga mara tatu. Alipokosa kumwona mtu mzima, aliliacha lori pale wazi, akaenda sokoni na wapakuzi wake kunywa chai.

Naomba mlitazame jambo hili kwa macho ya Nzioka. Lori la kijani. Honi tatu. Baba hayupo, kama kawaida. Tena mwaka uliotangulia likizo yangu ilikatizwa hivyohivyo, gari likatufuata nyumbani. Ndunge peke yake ndiye aliyesita.

"Na Susu je?" aliuliza.

"Baba alisema tutakaa na Susu," Nzioka akamjibu. "Kwa hivyo anahama na sisi."

Ni kweli nilisema. Nilisema mezani, nikimaanisha nyumba mpya. Sikujua kwamba nimetoa amri.

Walimaliza kwa dakika hamsini, na Nzioka hadi leo hujitetea kwamba zile kumi za ziada zilikuwa za kukamata kuku. Walipakia vitanda vyao na cha mama. Walipakia kabati, meza, kinu na mchi wake, mitungi, jembe la akiba, magunia mawili ya maharagwe, na picha ya marehemu baba ikiwa imevikwa blanketi kama inavyotakiwa. Jiko walilimwagia maji kwanza. Orodha iliandikwa na kubandikwa. Ilikuwa kazi safi, na ninasema hivyo kama mtu wa stoo.

Munyao alirudi akijifuta mdomo, akakuta lori limejaa na mvulana aliyesimama wima mbele yake.

"Hii ni nini?"

"Ni mzigo, Afande. Iko tayari."

"Inaenda wapi?"

"Sisi hatuulizangi, Afande."

Baadaye Munyao aliniapia kwamba hakuona ubaya wowote. "Tajiri wangu hupanga mzigo ya kurudi bila kuniambia," alisema. "Na mimi sijawahi kuitwa Afande tangu nizaliwe. Ningesema nini?" Alinyoosha kola, akawasha gari, akarudi Lukenya na nyumba ya mama yangu.

Lakini watoto walikuwa wawili tu mle garini. Nzilani alikuwa amebaki.

Alifagia kama kawaida yake, chumba hadi chumba, hadi nyumba ikawa inatoa mwangwi. Nzioka alipomwita mara ya tatu, alitoka hadi mlangoni na ufagio mkononi na kusema haendi.

"Ni uhamisho," Nzioka akamwambia. "Huwezi kukataa uhamisho."

"Ufagio unabaki?"

"Unabaki, wewe si unajua. Ni wa nyumba."

"Basi na mimi ni wa nyumba."

Nzioka alifanya alichoona ni sawa kijeshi: alimwandika kwenye orodha kama kikosi cha nyuma, akaondoka.

Mama aliporudi na wenzake wa mwethya, majembe mabegani, alikuta milango wazi na nyumba tupu, sakafu ikiwa safi kuliko siku ya harusi yake. Walisimama uani. Mmoja akaanza kuomba. Mwingine akasema ni wezi, mwingine akasema wezi hawafagii. Mama aliingia ndani taratibu akamkuta Nzilani ameketi juu ya sanduku, ufagio magotini. Akasema kile ambacho mdomo wake umezoea kusema akimwona mtoto.

"Wakya?"

"Aa," Nzilani akaitikia.

Mama aliniambia kwamba hapo alisahau vitu vyote kwa muda. Kisha akavikumbuka.

Mimi na Kamene tulifika saa nane mchana, nimekumbatia vioo vya madirisha, nikapokelewa na wanawake kumi na wawili wenye majembe.

"Mutiso," mama alisema, "nimekukosea nini? Kama ulitaka kunihamisha, si ungeniambia nivae viatu?"

"Mama, mimi nimekwenda kununua vioo."

"Na kitanda changu kimekwenda kununua nini?"

Nzilani ndiye aliyenieleza, kwa ufupi na kwa mpangilio, kama mlinzi anayetoa ripoti. Kusikia honi tatu nikajua yote. Nilimwomba mwenye duka la sokoni pikapu yake, tukakimbia Lukenya. Njia nzima Kamene alinitazama, nami nikatazama barabara kwa bidii ambayo haikuhitajika. Niliogopa nitawakuta wanangu wanalia katikati ya mavumbi ya mawe.

Hawakuwa wanalia. Sheria yetu ya kufika ni kwamba ndani ya saa moja kitanda kiwe kimetandikwa na chai iwe motoni, na watoto wangu walikuwa wameifuata. Kando ya kibanda cha mabati cha machimbo palikuwa na nyumba ya mama yangu bila kuta. Vitanda vilikuwa vimetandikwa. Picha ya baba imetundikwa kwenye msumari wa kibanda, imenyooka. Wachonga mawe wanane, nyundo chini, walikuwa wameketi kuzunguka meza ya mama wakinywa chai kwenye vikombe vya wageni, na Ndunge alikuwa anawahudumia huku akimsalimu kila mmoja kwa lugha ya kwao. Mjaluo mmoja mkubwa alikuwa amepewa kuku amshike.

Mwenye machimbo, mzee wa Kikuyu mwenye koti la Jumapili, alinivuta kando. "Hawa watoto ni wako? Wamehamia kwangu. Nimewauliza ni nani amewatuma, wanasema hawaulizangi."

Nzioka alikuja, akapiga saluti. "Baba, hakuna kilichovunjika. Kuku mmoja ametaga njiani, nimemwongeza kwa orodha. Yai, si kuku."

Nilikuwa nimetayarisha maneno makali tangu Kola. Yote yalinipotea. Nikamwambia, "Kazi nzuri, Nzioka. Sasa pakia tena." Kamene akageuka upande, na nilipoona mabega yake yanatikisika nilidhani analia. Alikuwa anacheka, na alicheka hadi ikabidi Mjaluo amletee kiti cha mama akae.

Lori lilelile la kijani lilirudisha mzigo, nasi tukafika Kola jua bado lipo. Wanawake wa mwethya hawakuwa wameondoka. Nani angeondoka? Walishusha vitu wao wenyewe, mama akisimama kando ya Nzioka na kusomewa orodha, kimoja kimoja. Ilipofikia namba thelathini na moja, "mkasi, ulikuwa nyuma ya kabati," mama alimwinulia Nzioka mkono asiendelee. Kwa miaka miwili alikuwa amemnunia Mama Mutheu, jirani yake, akiamini ndiye aliyechukua ule mkasi. Mama Mutheu alikuwa palepale, ameshika mguu wa kitanda.

"Soma tena hiyo," Mama Mutheu akamwambia Nzioka. "Na usome kwa sauti."

Aliisoma mara tatu kwa maombi ya wasikilizaji. Mama alimwomba mwenzake radhi mbele ya watu, na magunia ya maharagwe yalipungua kidogo jioni hiyo.

Nilipotaka kuhesabu masanduku, lilipungua moja. Nikamuuliza Nzilani sanduku namba saba liko wapi. Akaonyesha kwa kidole. Lilikuwa lile alilokalia mchana, na sasa mama amelikalia yeye. Nililigonga kwa ukucha. Lilitoa sauti ya kitu kitupu.

"Nguo zako ziko wapi?"

"Kwa kabati ya Susu. Nilizitoa asubuhi."

"Asubuhi kabla ya lori?"

"Ehe. Sasa zimeenda Lukenya zikarudi. Mimi sikuenda."

Nikawaambia watu naenda kuyakagua mawe. Mawe yalikuwa sawa. Niliyakagua muda mrefu, peke yangu, nikapenga kamasi, na Kamene alipokuja nilimwambia ni vumbi la Lukenya. Sijapata furaha kama ile katika kazi yangu yote, na wala haikuwa kazini.

Tulihama mara tatu zaidi baada ya hapo. Nzilani alikuja nasi kila mara, na alipanda lori bila kununa, lakini na mkoba. Sanduku namba saba lilibaki Kola. Nguo zake za nyumbani zilimngoja kabatini, na kuku wa mama walilichukua sanduku wakataga humo. Nyinyi wadogo zangu mnaonisoma, ushauri wangu ndio huo na sina mwingine. Wafundisheni watoto kupakia, watawafaa. Lakini muwe na mahali pamoja duniani ambapo mtoto anaweza kuharibu sanduku lake kwa kuku. Na mkiagiza mawe, ulizeni rangi ya lori.

Lori langu la mwisho lilikuja baada ya kukabidhi funguo. Tulipakia mimi na Kamene tu, wazee wawili, tukachukua saa tatu, na vijana wa kambi walituonea huruma. Nilifagia kota, nikaacha ufagio nyuma ya mlango. Kola, kwenye ile nyumba ya mawe tuliyoimaliza zamani na ambamo mama alishahamia, tulimkuta Nzilani, ambaye sasa ni mwalimu Machakos na huja kwa mama kila Ijumaa. Nilisukuma sanduku langu, namba moja, chini ya kitanda, nikatoa shati la siku ile, basi.

Ijumaa iliyofuata aliliona.

"Baba, mbona huzitoi nguo zako?"

"Nitazitoa. Si tumefika tu?"

"Ulisema hivyo Eldoret."

Alilivuta sanduku mwenyewe, akaning'inizia suruali na makoti kabatini, akabandua orodha kwenye kifuniko na kuitia mfukoni. Kisha akanipa ufagio, akasema sakafu ina vumbi la buti zangu. Nilifagia chumba hadi chumba, pembe zote. Nilipomaliza niliusimamisha nyuma ya mlango, nikatoka nje, nikasimama uani mikono nyuma. Sikuwa nafikiria kitu. Ni mwili tu uliozoea.

Mama, ambaye siku hizi haoni vizuri, aliona kivuli kimesimama nje.

"Wakya?" akaita.

"Aa," nikaitikia.

"Basi unangoja nini hapo? Ingia."